Mapezi ya Mpira kwa Mtu wa Bara

Mkazi wa Thika au Ruiru anayejiandaa kwenda Watamu au Malindi hukuta dukani mapezi ya aina mbili: marefu na magumu ya wazamiaji wa mtungi, na mafupi mepesi ya kuelea juu ukitazama samaki kwa miwani na mrija. Wengi huvutwa na yale marefu, wakidhani urefu ndio ubora. Nadhani wanakosea. Ugumu ule una kazi yake: mzamiaji husukuma mtungi wa hewa na vipande vya risasi kiunoni, pengine akipambana na mkondo. Anayeelea hana mzigo huo. Akivaa mapezi magumu, shavu la mguu hukakamaa mapema, na kwenye maji mafupi, kama sehemu nyingi za hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoanzishwa 1968, ncha ndefu hugonga matumbawe, ambayo hukua polepole mno.

Je, nikija kujifunza kuzamia, si nitanunua tena? Swali la haki, hasa mfuko ukiwa mwepesi. Lakini vituo vya kuzamia hukodisha mapezi, na yale ya kisigino wazi hudai viatu vyake, gharama nyingine. Mafupi huingia kwenye begi la kawaida, jambo si dogo kwa anayepanda matatu mpaka Nairobi kisha treni ya Mombasa. Ninachokubali ni kwamba penye mkondo, mafupi kupindukia huchosha. Hapo ya wastani yanafaa zaidi. Yajaribu kwanza bwawani: kisigino kikichomoka, namba ni kubwa, vidole vikijikunja, ni ndogo.