SAA YA MKONO: TUNUNUE KWA AKILI



Kila mwisho wa mwezi wachuuzi hujaa mlangoni pa kazi na saa zinazong'aa. Mimi nami nilinunua moja nilipoanza kibarua katika shamba la chai. Mvua ya kwanza kioo kilijaa ukungu, wiki ya tatu saa ikafa. Jasho la siku nne likapotea bure. Naandika haya ili mwenzangu asirudie kosa langu.

Kwanza, tujiulize saa ni ya nini. Kwa mfanyakazi saa si pambo tu, ni kipimo cha jasho lake. Kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1850 juu ya viwanda vya Dundee, huko Scotland, chaeleza kwamba saa za kiwandani zilisogezwa mbele asubuhi na kurudishwa nyuma jioni. Mfanyakazi aliyethubutu kuwa na saa yake aliweza kufukuzwa. Tajiri alijua kuwa mwenye saa hadanganyiki.

Pili, tujue aina. Saa ya kutia ufunguo huendeshwa na springi. Huenda mbele au nyuma sekunde kadhaa kila siku, na kila baada ya miaka michache yataka kusafishwa na fundi. Saa ya betri ina kipande cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, hivyo hukosea sekunde chache tu kwa mwezi. Ya kwanza ya mkono iliuzwa Japani Desemba 1969, kwa bei karibu ya motokaa ndogo. Leo hata ya bei nafuu yatosha. Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, betri yake hukadiriwa kudumu miaka 7.

Tatu, maji. Alama ya mita 30 nyuma ya saa haina maana ya kuzama nayo mita 30. Maana yake ni kustahimili matone tu. Anayeshinda mvuani au kuosha mitambo atafute ya mita 100.

Nne, jina kubwa kwa bei ndogo ni mtego. Nunua dukani, upewe risiti.

Tano, muone fundi kabla ya kwenda dukani. Uliza bei ya betri na mkanda. Betri ikifa itolewe upesi, maana huvuja na kuila mashine.

Sita, wako wenzetu wanaopenda kukusanya saa. Si vibaya, lakini ya pili inunuliwe kwa fedha ya akiba, si kwa kukopa mshahara ambao haujaingia. Asikudanganye mtu kwamba kila saa ni mali. Nyingi hushuka bei mara tu zikitoka dukani. Saa moja ya mzee wako, iliyotengenezwa ikaenda, yashinda kumi za kung'aa zilizolala sandukuni.

Mwisho, ukisha kuwa na saa, itumie. Irekebishe kwa redio. Andika daftarini saa ya kuingia na ya kutoka, kila siku, na mwenzako afanye vivyo hivyo. Malipo ya ziada yakipungua, pelekeni madaftari yote kwa mwakilishi wa chama. Saa ya mtu mmoja yaweza kubishiwa. Madaftari ya watu ishirini yanayosema neno moja, nani atayabishia?