Kitabu kilichoungua kisitupwe jaani

Kutoka hapa Nakasero hadi Makerere ni mwendo mfupi, unavuka Wandegeya tu. Jengo kuu la chuo hicho, lililojengwa mwaka 1941, liliteketea usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020. Lilifunguliwa upya Oktoba 2024. Majengo hujengwa tena. Karatasi je?

Sisi tuliosomea uhamishoni tukarejea tunajua uzito wa swali hilo. Ukipoteza cheti au daftari la ukoo, unaanza upya kueleza wewe ni nani.

Kitabu kilichobanwa rafuni huungua polepole, kwa kuwa hewa haipenyi katikati ya kurasa. Mara nyingi kingo hubabuka, maandishi yakabaki. Kinachokimaliza ni maji ya wazima moto, maana kwenye joto ukungu huweza kuota ndani ya saa 48.

Haya yalionekana katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Aprili 18, 2021, moto wa mlimani ulipoteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger. Milango ya kuzuia moto iliokoa ghala la chini, lakini maji yakaingia. Watu wa kujitolea walitoa vitabu kreti kwa kreti, na vilivyolowa vikagandishwa.

Kugandisha hakukaushi kitabu, bali huzuia ukungu na kukupa muda. Wenzangu hucheka nikisema hivi, lakini friza ya muuza kuku sokoni Nakasero yaweza kuokoa historia ya ukoo! Kifunge kila kitabu peke yake kisigandamane na kingine. Baadaye kitoe, ukikaushe mbele ya feni huku ukipachika karatasi za kunyonya maji kati ya kurasa.

Masizi yaondoe kwa brashi laini, makavu. Ukiyapangusa kwa kitambaa chenye maji yanazama ndani. Kingo zilizoungua usizikate. Kilaze kitabu ndani ya boksi safi, ukikizungushia karatasi nyeupe na utepe wa pamba, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu.

Tafadhali, usikimbilie selotepu wala kupaka plastiki, ingawa mjini huduma hiyo ni rahisi. Gundi hugeuka njano, na plastiki iliyobandikwa kwa joto haibanduki tena bila kuharibu karatasi.

Kabla ya yote piga picha kila ukurasa. Nanyi mnaovuka Busia na Malaba kila wiki, nakala moja iacheni kwa ndugu ng'ambo ya pili.