Leseni ya Duka: Nambari ya Kulipia Utaitoa Wapi?

Januari ikifika, mwenye duka pale Hulugho anahitaji leseni mpya ya biashara. Afisa wa mapato leo hayuko, na kwenda Garissa mjini si safari ya kurudi kabla ya adhuhuri. Pesa anazo kwa simu. Kinachomkwamisha ni maswali mawili tu: ni ngapi, na nalipa kwa nambari gani?

Hapo ndipo tovuti ya kaunti ingemfaa. Tangu ugatuzi uanze 2013, leseni za biashara na ada za masoko ziko mikononi mwa kaunti, iwe Garissa, Wajir au Mandera. Lakini ukizungukia tovuti za kaunti hapa Kenya, mara nyingi kinachokupokea ni picha za ziara na uzinduzi. Ada utazikuta ndani ya Sheria ya Fedha ya kaunti, faili ndefu ya Kiingereza inayokula bando. Nambari ya malipo ndiyo unaitafuta mpaka uchoke. Mahali ambapo mtandao unakuja na kupotea, ukurasa mmoja wa maandishi matupu, kwa Kiswahili na Kisomali, wenye ada na nambari hiyo, ungesaidia kuliko picha mia.

Mbona sisi watu wa malipo tunajali? Kwa sababu nambari isipopatikana mahali rasmi, mtu huuliza kwa grupu ya WhatsApp, na huko tapeli hachelewi kujibu: "Tuma kwa hii laini, nitakushughulikia." Pesa ikishaenda kwa laini ya mtu binafsi, kaunti haina rekodi yake, kwa hivyo leseni bado unadaiwa. Ukitupigia mapema tunaweza kujaribu kuirudisha. Ikiwa imeshatolewa kwa ajenti, kazi inakuwa ngumu sana.

Kwa hivyo andika anwani ya tovuti mwenyewe, na uhakikishe inaishia na .go.ke, badala ya kubonyeza kiungo ulichotumiwa. Usipopata nambari hapo, iulize ofisi ya kaunti ndogo. Jina la mpokeaji likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kukubali. Likiwa jina la mtu, simama hapo hapo. Pia usichanganye na 222222, Paybill ya eCitizen ambayo serikali ilielekeza 2023 itumike kwa huduma zake, kama pasipoti. Ada za kaunti usizitume huko kwa kubahatisha.

Na kaunti kukupa habari hizi si hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaweka utaratibu: unaandika ombi kwa Kiingereza au Kiswahili, huhitaji kutoa sababu, kuwasilisha ombi ni bure, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Wakikunyima, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman.

Kuandika kukiwa shida, nenda ofisini useme kwa mdomo. Sheria inamtaka afisa aliandike ombi lako na akupe nakala. Usitoke bila hiyo nakala, na uangalie kama imewekwa tarehe.