Mwasumini na Utunzaji Wake

Mtu apitaye jioni katika vichochoro vya Kilwa Kivinje au vya Lindi huweza kunusa harufu ya asumini kabla hajauona mti wenyewe. Mwasumini ni kichaka cha kimo cha mtu au kupungua, chenye matawi membamba na majani yang'aayo. Maua yake ni meupe. Hufunuka jua likiisha kuchwa, na kesho yake hugeuka rangi na kuanguka. Kwa hiyo wanawake huyachuma alasiri, yangali matumba, wakayatunga kwa sindano na uzi. Usiku hufunuka juu ya nywele zao. Wengine huyachanganya na mrehani na kilua kufanya kikuba. Mkilua ni mti wa asili wa pwani ya Tanzania na Kenya, na mwaka 1970 wataalamu wa mimea waliuandika vitabuni kwa jina lilo hilo la Kiswahili.

Mwasumini si wa asili hapa. Asili yake ni upande wa Bara Hindi. Umeenea nchi nyingi za joto, na huko Ufilipino asumini ilitangazwa kuwa ua la taifa mwaka 1934. Watu wa Ulaya wana kichaka chao cha maua ya kunukia kiitwacho lilaki, nacho ni cha ukoo mmoja na mwasumini na mzeituni. Lakini lilaki haichanui vema isipopata majira ya baridi kali, na baridi hiyo ingeuua mwasumini.

Ajabu ni kwamba mti huu uliosafiri mbali hivyo hauzai mbegu ila kwa nadra sana. Kila mwasumini uliomo uani ni tawi la mwasumini mwingine, lililokatwa kwa mkono wa mtu na kupandwa kwa mkono wa mtu. Mwenye nyumba akihama asichukue tawi, na aingiaye akaung'oa mti, basi umekwisha.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua. Pwani ya kusini mvua hunyesha tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei, kisha nchi hukauka. Tawi lipandwalo Juni hukutwa na ukame likiwa bado halina mizizi ya kutosha. Likatwe tawi lililokomaa kiasi, si changa wala si gumu kama kuni, lenye urefu wa shubiri moja. Majani ya chini yaondolewe, na vifundo viwili vifukiwe katika mchanga wenye unyevu, penye kivuli. Wengine hawakati kwanza: huinamisha tawi refu, hulifukia katikati na kuliwekea jiwe, nalo likiisha kushika mizizi ndipo hutengwa na mzazi wake.

Mche uhamishiwe mahali penye jua. Udongo wa pwani ni mchanga au mawe ya matumbawe, haushiki maji. Kwa hiyo shimo lijazwe samadi iliyooza. Yafaa ukuta uukinge na upepo wa baharini, kwani huchukua chumvi. Maji nayo yaonjwe kwanza: visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, nayo huunguza ncha za majani.

Lakini miasumini mingi hunyimwa maua kwa sababu ya huruma tu. Mwenye mti huona matawi marefu, mazuri, akaogopa kuyakata. Mwaka wa pili akapata majani mengi na maua machache, akadhani mti umerogwa au umezeeka. Sivyo. Maua ya mwasumini hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya, na tawi kuukuu lisilokatwa huchipua kidogo. Basi mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla ya mvua, matawi yote yapunguzwe kwa kisu kikali, hata theluthi moja ya urefu wake, na yaliyokauka yaondolewe kabisa. Mti utaonekana kama umeharibiwa. Mvua ikianguka, kila penye jeraha hutoka machipukizi mawili au zaidi.

Tena, kwa kuwa kazi hii hufanyika mvua zikikaribia, yale matawi yaliyokatwa ndiyo miche ya mwaka ule. Majirani huja kuyaomba, na yasiyoombwa hupandwa katika makopo kando ya mtungi wa maji.