Upepo wa Kusi, Ufuko na Mbwa

Kuanzia Juni hadi Agosti mwambao wa Kilwa hutawaliwa na kusi. Upepo huu hupoza jua la adhuhuri, hutifua mchanga, na huwalazimu wavuvi wengi kuvuta ngalawa zao nchi kavu. Ni majira mazuri ya matembezi. Maji yanapokupwa asubuhi, ufuko wa Jimbizi pale Kilwa Masoko huwa mpana, na atembeaye huenda akafuatana na mbwa: wengine wa jirani, wengine hawana mwenyewe, wakinusa mabaki ya samaki na kukimbiza kaa. Matembezi hayo yana faida kwa moyo na viungo, na hatusemi yaachwe. Swali letu ni moja: afanye nini aliyeumwa na mbwa kisiwani, kama Songo Songo, wakati bahari imechafuka na chanjo iko ng'ambo?

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kiishicho katika mate ya mnyama mgonjwa. Kirusi hicho hupita kwenye jeraha, kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji na kuweweseka, takriban hakuna anayepona. Daktari hubaki na kazi ya kumpunguzia mateso tu. Lakini kabla ya hapo, ugonjwa huu huzuilika.

Kinga ya kwanza haivuki bahari: ni maji na sabuni. Jeraha lioshwe mara moja, kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha lipakwe dawa ya iodini ikiwapo. Katika mwambao wetu, wengi tumelelewa kujitoharisha kwa maji na udongo tunapoguswa na mate ya mbwa. Mafundisho hayo yana heshima yake, ila udongo usitiwe ndani ya jeraha. Wala usitiwe majani, mafuta au pilipili.

Kinga ya pili ni chanjo, ambayo huanza siku ile ile ya kufika kituoni. Kwa utaratibu wa sindano za ndani ya ngozi unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mgonjwa hurudi siku ya tatu na ya saba. Jeraha likitoa damu, hasa likiwa kichwani, usoni au mikononi, huhitajika pia kingamwili za kudungwa ndani na kando ya jeraha lenyewe.

Hapa ndipo kusi huleta mtihani. Aliyevuka leo kwa mashua huenda asiweze kuvuka tena siku ya tatu. Ndugu mhudumu, kabla ya kumruhusu mgonjwa, muulize atalala wapi hadi sindano ya mwisho, na umsaidie kutafuta jamaa wa kumpokea bara. Naye aliyecheleweshwa na upepo kwa siku kadhaa, au hata wiki, asirudishwe kwa kuambiwa muda umepita. Maadamu dalili hazijaanza, chanjo bado ina kazi.

Kinga ya tatu ni kumchanja mbwa mwenyewe. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuanzia mwaka 2010 kampeni za namna hiyo ziliendeshwa kusini-mashariki mwa Tanzania, Lindi ikiwemo, pamoja na kisiwa cha Pemba. Pemba maambukizi yalikatika mwaka 2014, yakarudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, yakakomeshwa tena mwaka 2018 kwa chanjo. Bahari, basi, ni ngome ya kisiwa, lakini mbwa mmoja aliyepakiwa chomboni aweza kuivunja.

Kwa hiyo, mwenye mbwa ampeleke kwa afisa mifugo kila kampeni inapotangazwa, na nahodha asimpakie asiyechanjwa. Watoto wafundishwe kutomchokoza mbwa anayekula au kunyonyesha, na kusema upesi wakiumwa, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Mzazi naye asiwakaripie kwa kusema: mtoto anayeogopa fimbo huficha jeraha, na jeraha lililofichwa halioshwi.