Kutoka Wavu wa Mweru Hadi Fulana ya Kuzuia Risasi

Askari aliye katika doria ufukoni mwa Nchelenge huiona mitumbwi ikirejea Kashikishi alfajiri na nyavu za nailoni. Ni wachache watambuao kwamba uzi wa nyavu hizo na uzi wa fulana ya kuzuia risasi ni wa ukoo mmoja. Zote mbili ni polima, yaani molekuli ndefu zilizoungana kama pete za mnyororo, na zote huzaliwa kwa kusukuma kioevu kupitia matundu membamba mno.

Nguvu ya uzi hutegemea sana jinsi kioevu hicho kinavyotiririka. Kikiwa chepesi mno hukatika kuwa matone. Kikiwa kizito mno huziba matundu. Kinachofaa ni kile kivutikacho bila kukatika, kama mlenda, ambao watu wa Luapula huuita delele. Molekuli zilizotulia hujiviringa na kutatizana kama wavu uliotupwa chini. Zikisukumwa tunduni hujinyoosha kuufuata mkondo, na mnato hupungua.

Nailoni, iliyobuniwa mwaka 1935 na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont ya Marekani, huyeyushwa kwa moto, kisha uzi wake huvutwa ukiisha kupoa ili molekuli zijipange. Kwa kuwa haiozi majini kama pamba, ilienea upesi miongoni mwa wavuvi.

Lakini ziko polima zisizoyeyuka kwa moto bila kuharibika. Hizo hazina budi kutiwa katika kiyeyusho. Mwaka 1965, mkemia wa DuPont, Bi Stephanie Kwolek, aliyekuwa akitafuta uzi mwepesi wa kuimarisha matairi, alipata mmumunyo wa ajabu. Kwa kawaida, polima ikiongezwa, mmumunyo huzidi kuwa mzito na hubaki angavu. Huu ulikuwa mwepesi, tena wenye ukungu. Fundi wa mashine alikataa kwanza kuupitisha, akihofia kwamba ungeziba matundu. Bi Kwolek alishikilia, na uzi uliotoka ulikuwa na nguvu isiyotazamiwa.

Siri yake ni hii. Molekuli hizo ni ngumu kama fimbo. Zikiwa chache huelea ovyo na kugongana, mfano wa matete yaliyokwama mtoni. Zikizidi kiasi fulani hulazimika kulala sambamba, na matete yaliyolala sambamba hupita kwa urahisi. Ndiyo maana mnato ulishuka badala ya kupanda. Leo kiwandani polima ya Kevlar huyeyushwa katika asidi kali ya salfa, husukumwa tunduni, huvutwa katika nafasi ndogo ya hewa, kisha hutumbukizwa katika maji baridi ili mpangilio ule ugande. Kwa uzito ulio sawa, uzi huo una nguvu mara tano ya chuma.

Mnamo Desemba 1975, katika majaribio ya fulana hizo, polisi mmoja wa Seattle aliyepigwa risasi alisalimika.

Hata hivyo, kila uzi una mipaka yake. Fulana laini huzuia risasi za bastola. Risasi za bunduki huhitaji bamba gumu. Jua kali hudhoofisha Kevlar, na unyevu hupunguza uwezo wa tabaka zisizokingwa. Uzi mwingine, Zylon, ulisifiwa kuwa na nguvu zaidi, lakini ulidhoofika kwa unyevu na mwanga. Mwaka 2003 fulana ya Zylon ilitobolewa na risasi na kumjeruhi polisi wa Pennsylvania, na mwaka 2005 taasisi ya serikali ya Marekani iliacha kuidhinisha fulana za aina hiyo.

Basi askari wa ziwani, ambako jua na maji havikosekani, asiianike fulana yake juani kama mvuvi aanikavyo wavu. Aitunze ndani ya kifuniko chake, akague mishono, na asome tarehe ya mwisho wa matumizi. Wavu ukichanika, samaki huponyoka. Fulana ikichakaa, hupotea uhai.