Theluji Inayoonekana Kutoka Kitui

Msomaji aliyepata kuamka mapema katika mwezi wa Desemba, siku ambayo mvua ya usiku imekwisha kuosha vumbi lote la angani, akasimama juu ya kilima kilicho karibu na mji wa Kitui na kutazama upande wa kaskazini-magharibi, hana haja ya kuambiwa habari hii. Ameiona mwenyewe. Lakini wengi wetu asubuhi kama hiyo tumo shambani, tumeinama juu ya ndengu na kunde zilizochipua pamoja na magugu yake, au tumo njiani kwenda ofisini tukiangalia matope yasituharibie viatu. Na kitu kile kilicho mbali, kilometa 150 hivi, hukaa wazi kwa saa moja au mbili tu, kisha mawingu huja yakakifunika. Kitu hicho ni Mlima Kenya, na weupe ulio juu yake ni theluji mpya ya mvua za vuli.

Mimi nilipouona mara ya kwanza kutoka kilimani hapo nilikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akiswaga ng'ombe wake. Nikamwuliza, "Mzee, lile si wingu?" Akacheka sana. "Mwanangu," akasema, "wingu hutembea. Kile hakijatembea tangu nizaliwe."

Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona mlima huo kwa macho yake aliuona kutoka hapa hapa Kitui, wala si kutoka Nyeri au Nanyuki kama watu wengi wanavyodhani. Huyo alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, mmisionari wa C.M.S., aliyefika Mombasa mwaka 1844. Aliondoka Rabai tarehe 1 Novemba 1849, akavuka nyika kavu ya Taita na Tsavo, na mwishoni mwa mwezi akafika kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka mpaka pwani. Kivoi alimpa habari za milima yenye weupe usioondoka. Lakini ulikuwa wakati wa mvua, kama ilivyo desturi ya mwezi huo, na kwa siku nyingi mgeni hakuona ila mawingu. Ndipo tarehe 3 Desemba, alipokuwa karibu kuondoka, mbingu zikafunguka. Aliona kitu kama ukuta mkubwa sana, na juu yake nguzo mbili kama pembe, na weupe umezizunguka. Nguzo hizo ndizo tunazoziita leo Batian na Nelion. Batian ina meta 5,199, yaani futi 17,057, na Nelion ni fupi kidogo kuliko mwenzake.

Krapf aliliandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba, na kutoka hapo ndipo lilipotoka jina la nchi yetu yote. Wengi hueleza kwamba Kiinyaa ni neno la kufananisha: mawe meusi na theluji nyeupe vikichanganyika huwa kama manyoya ya mbuni dume, ambaye kwa Kikamba huitwa nyaa. Na Kilimanjaro, ambao jamaa zetu wa Makueni huuona wakiwa upande wa Emali na Kibwezi, Wakamba waliuita Kiima Kyeu, yaani mlima mweupe. Basi tazama: milima miwili mikubwa kuliko yote katika Afrika, na watu wa nchi hii ya jua kali waliipa yote miwili majina ya theluji yake, hali wengi wao hawakupata kuigusa theluji hata siku moja katika maisha yao.

Huko Ulaya habari hizo zilichekwa. Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, na mwongozaji wake, kwa kukosa neno lingine, alimwambia kwamba kitu kile cheupe ni "baridi" tu. Lakini William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani aliyekaa London na ambaye hakupata kuikanyaga Afrika ya Mashariki, aliandika kitabu mwaka 1852 akikataa kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten wakapanda Kilimanjaro kupita meta 4,000, wakaangukiwa na theluji vichwani mwao. Hata hivyo Cooley hakukubali. Lakini mchungaji yeyote wa Kitui angaliweza kumwonyesha kwa kidole.

Karani ayapendaye mahesabu aweza kuyafanya mwenyewe. Kila mtu apandapo meta 1,000, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Kitui uko kama meta 1,100 juu ya bahari. Kilele cha Batian kiko juu yake kwa meta 4,000 na zaidi. Zidisha 4 kwa 6, upate 24. Basi siku ambayo Kitui pana nyuzi 24 za joto, kule juu maji hugeuka barafu, na wingu lile lile linalomwaga mvua juu ya mashamba yetu humwaga theluji juu ya mawe ya mlima.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda likamchekesha msomaji. Wako watu ambao wakiisikia theluji ya kwanza ya msimu, usingizi huwapotea kama mkulima aliyesikia ngurumo mwezi wa Oktoba. Si kwamba wana mbegu za kupanda, wanataka kuteleza. Mchezo huo ni wa zamani katika nchi za baridi, na chombo chake ni mbao mbili ndefu zilizopinda ncha, moja kwa kila mguu. Umefika hata Afrika ya Mashariki. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walizipandisha mbao hizo Kilimanjaro, wakafika kileleni, kisha wakateleza juu ya theluji wakishuka. Furtwängler huyo alikuwa ndugu yake Wilhelm, mwongozaji wa muziki aliyejulikana duniani kote. Na barafu moja iliyo juu ya Kibo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Jina hilo likumbukwe, maana nitalirudia.

Mchezo wa ubao mmoja ni wa siku za karibu zaidi. Siku ya Krismasi mwaka 1965, Sherman Poppen wa Michigan, Marekani, alifunga mbao mbili za kutelezea pamoja ili binti zake wasimame juu yake kiupande upande, kama mtu asimamavyo katika mtumbwi. Mchezo wa kitoto ukakua. Mwaka 1998 uliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano, Japani. Na katika michezo hiyo hiyo Kenya ilipeleka mtu wake wa kwanza, Philip Boit, mkimbiaji aliyefundishwa kuteleza kwa mbao mbili nchini Finland. Alimaliza kilometa 10 akiwa wa 92, wa mwisho kabisa. Lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikaa akimngoja mwisho wa njia apate kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la mshindi huyo.

Hao wa Nagano huteleza mahali palipotengenezwa. Lakini wako wengine wasiopenda njia iliyotengenezwa wala gari la kamba la kuwapandisha. Huenda mlimani kwa miguu, na siku nzima ya jasho huishia katika dakika chache za kuteleza. Ubao wao una hila yake: hutengana katikati kwa urefu ukawa mbao mbili za kupandia, na chini yake hubandikwa kitambaa chenye manyoya mafupi. Umpapase mbuzi mgongoni kutoka kichwani kwenda mkiani, mkono hupita bila shida, uurudishe, utakwama. Kitambaa hicho ni vivyo hivyo: huteleza kikienda mbele, hukataa kurudi nyuma. Wakifika juu huking'oa, huunga mbao zikawa ubao mmoja, hufunga miguu yote miwili, na kushuka.

Wenye ujuzi husema kwamba siku za mwanzo wa msimu ndizo za kutamaniwa na ndizo za kuogopwa. Theluji imelala safi, lakini ni nyembamba, na chini yake mawe hayajafunikwa barabara. Mkulima aliyelima kwa plau kule Makueni anajua maana ya jiwe lililojificha chini ya udongo mzuri: ng'ombe husimama ghafula, na mshika plau hupigwa na mpini kifuani. Huku mpini ni mguu wa mtu mwenyewe. Tena theluji mpya ikiangukia juu ya tabaka gumu la zamani isishikamane nalo, yaweza kukatika kipande kizima na kuporomoka na mtu, ikamfukia. Kwa hiyo hawaendi mmoja mmoja; kila mtu huchukua sepetu, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na chombo kidogo kinachotoa ishara ili wenzake wajue alipozikwa.

Mtu akitaka kuipata siku kama hiyo katika Mlima Kenya, saa yake si saa ya Ulaya. Huko majira ya baridi hudumu miezi. Kwetu juu mlimani kila usiku ni majira ya baridi na kila mchana ni kiangazi. Atalala katika kibanda cha Austrian Hut, meta 4,790, kichwa kikimwuma kwa uhaba wa hewa. Ataamka saa tisa usiku, wakati theluji ni ngumu kama sakafu. Kumi na mbili na nusu asubuhi jua limetoka, na kwa muda mfupi theluji hulainika juu juu tu, nayo ndiyo nafasi yake. Ikifika saa nne imekuwa uji, na mawingu yamekwisha panda kutoka bondeni. Saa ile ile mtu wa Kitui aliyekuwa akiutazama mlima ameuona ukifungwa, akarudi kwenye jembe lake.

Lakini atateleza juu ya nini? Hapo ndipo penye shida. Theluji mpya haidumu juu ya jiwe. Huhitaji barafu ya kudumu ya kuipokea, na barafu hiyo inakwisha. Mwisho wa karne ya 19, Mlima Kenya ulikuwa na barafu za kudumu 18. Nyingi zimetoweka. Iliyo kubwa kuliko zote, iitwayo Lewis, iliyo ubavuni mwa kibanda hicho, ilipimwa mwaka 1934 na tena mwaka 2010, ikaonekana kwamba imepoteza sehemu 9 katika kila 10 za ujazo wake. Ile ya Furtwängler juu ya Kibo ilikuwa na eneo la meta za mraba 113,000 mwaka 1976. Kufika mwaka 2000 zilibaki 60,000, na kupungua hakukukoma hapo. Taarifa ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani iliyotolewa mwaka 2021 ilitazamia kwamba barafu ya Mlima Kenya itakwisha yote katika miaka ya 2030, na ya Kilimanjaro katika miaka ya 2040.

Sababu yake si joto la dunia peke yake, ingawa joto limo. Barafu ya milima yetu huishi kwa kufunikwa. Theluji mpya ni nyeupe sana, nayo hurudisha miale ya jua ilikotoka. Lakini mvua zikikosa, barafu hubaki wazi, chafu, yenye rangi ya majivu, nayo huyanywa majua yote. Kwa hiyo mwaka ambao mvua za vuli hazikufika Kitui, mwaka ambao mahindi yamekauka yakiwa na urefu wa goti, mara nyingi huwa ni mwaka mbaya kwa barafu pia.

Watu wengine wamepata kuniuliza kama mto Tana utakauka barafu ikiisha. Swali ni la haki, maana mto huo ndio mpaka wetu wa kaskazini, na bwawa la Kiambere, lililomalizika mwaka 1988, limo ndani yake. Jibu ni kwamba barafu iliyobaki ni ndogo mno kuulisha mto mkubwa. Maji ya Tana ni mvua iangukayo juu ya misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, ambayo udongo wa msitu huimeza na kuitoa pole pole. Vivyo hivyo maji ya bomba la Nol Turesh, yatokayo chini ya Kilimanjaro karibu na Loitokitok na kufika mpaka Emali na Sultan Hamud, ni chemchemi zilizolishwa na mvua ya msituni hasa. Mtu akikata msitu huo ametudhuru sisi wa nyanda kavu zaidi ya jua linaloyeyusha Lewis.

Mwaka jana, mwezi wa Desemba, nilipanda tena kilima kile. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mlima ulitokea saa kumi na mbili na dakika arobaini, pembe zote mbili, na weupe umeshuka chini sana kuliko nilivyotazamia, hata mtu asiyejua angaliweza kuapa kwamba hakuna kilichopungua. Nilikaa nikiutazama. Saa tatu weupe wa chini ulikuwa umekwisha yeyuka, mawe meusi yametokea, na juu ulibaki ukanda mmoja mwembamba kando ya pembe. Kisha wingu likaja.